Moto, Ng'ombe na Maua ya Kitulo

Kila mwaka, masika yakiisha na kiangazi kirefu tukiitacho impeshyi kikianza mwezi wa Juni, mbingu ya Kigali hubadilika. Asubuhi vilima vya mbali havionekani vizuri, na jioni jua hutua jekundu kama kaa la moto. Sehemu ya ukungu ule ni vumbi la njiani, lakini sehemu nyingine ni moshi wa nyika zinazoungua, karibu na mbali, katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Hapo ndipo ubishi huanza mabwenini. Wanafunzi wa mjini husema kwamba moto ni adui, nao humaliza kila mmea wa porini. Wenzao waliokulia katika nyumba za wafugaji, pande za Nyagatare na Kayonza, huwajibu: "Mbona moto ukipita majani mabichi huota, na ng'ombe hunenepa?" Wa kwanza hurudi tena na kusema: "Basi kama si moto, ni hao ng'ombe wenu!" Na ubishi hauishi mpaka kengele ya kulala ipigwe.

Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zina nusu ya ukweli. Moto si adui wala si rafiki, na ng'ombe vivyo hivyo. Linaloamua ni mambo matatu: lini, mara ngapi, na kiasi gani. Ili tuyaone vizuri, yafaa tuchague mmea mmoja wa nyika ulio hatarini, tuufuate tangu mvua ya kwanza hata kiangazi. Mmea nitakaouchagua hauko mbali sana nasi, nao unajulikana sana kwa sababu watu wameutetea. Ni okidi za ardhini za Kitulo, kusini ya Tanzania.

Kitulo ni uwanda wa majani ulio juu ya milima, katika pande za Mbeya na Njombe. Kimo chake ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuonao baridi hapa Kigali, kwenye mita 1,500 na kitu, tungetetemeka huko, kwa maana usiku wa kiangazi sakitu huanguka, yaani umande huganda juu ya majani. Lakini mvua inyeshapo, hasa tangu Desemba hata Aprili, uwanda wote huvaa maua ya kila rangi, na kwa ajili hiyo wenyeji wameuita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu huko aina 350 hivi za mimea, na katika hizo aina zipatazo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 mahali hapo palitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ya kwanza katika nchi za joto za Afrika iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, wala si kwa ajili ya tembo au simba.

Je, ni hatari gani iliyowafanya watu wayalinde maua kwa sheria? Hatari kubwa ilikuwa jembe la mkono na kikapu. Okidi hizi zina viazi vidogo chini ya ardhi. Katika Zambia viazi hivyo hukaushwa na kutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga na magadi, kisha hupikwa hata kuwa chakula kizito kikatwacho vipande, ambacho huitwa chikanda. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, lakini siku hizi huuzwa sana mijini. Okidi zilipopungua Zambia kwenyewe, wafanyabiashara walivuka mpaka kuzitafuta katika nyanda za juu za Tanzania. Watafiti walioichunguza biashara hiyo mwanzoni mwa karne hii walikadiria kwamba viazi vilivyovushwa kwa mwaka mmoja vilifika mamilioni. Tusiwalaumu upesi waliochimba, kwa maana penye fedha kidogo kila shilingi ina kazi yake. Lakini matokeo yalikuwa kwamba mabonde yaliyokuwa yamejaa maua yalianza kuwa matupu.

Mmea ambao umekwisha kupungua hivyo ni kama mtu aliyetoka ugonjwani. Baridi ndogo isiyomdhuru mwenye afya yaweza kumlaza yeye. Kwa hiyo moto na malisho, ambavyo kwa maelfu ya miaka okidi zilivistahimili, sasa yapasa kuvitazama kwa uangalifu zaidi.

Kwanza tujue maisha ya mmea wenyewe. Okidi za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria zina viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka uliopita, nacho ndicho kinachotoa chakula cha kuchipusha jani na ua. Cha pili ni cha mwaka ujao. Majani yakipata jua hutengeneza chakula, na chakula hicho hushuka chini kujaza kiazi kipya. Msimu ukiisha, kiazi cha zamani husinyaa na kuoza, majani hukauka, na mmea mzima hubaki kiazi kimoja tu kilicholala udongoni kungoja mvua. Hebu fikiri juu ya mkulima mwenye ghala mbili, moja ya kula mwaka huu na moja ya mbegu za mwakani. Mchimbaji wa chikanda hukiacha kile kiazi kilichosinyaa, akachukua kile kipya kilicho kigumu. Yaani ameuchukua mwaka ujao wa mmea ule.

Mbegu nazo si msaada wa haraka. Ni ndogo kama vumbi, na tunda moja laweza kuwa na maelfu yake, lakini hazina akiba ya chakula ndani yake. Mbegu ya okidi haiwezi kukua mpaka ikutane udongoni na kuvu ya namna fulani, ambayo huilisha kama mama amlishavyo mtoto. Nyingi hazikutani nayo, zikafa. Ile inayobahatika huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza.

Sasa tuwashe moto, kwa fikira tu, na tuanze na swali la kwanza, yaani lini. Tuseme moto unapita Kitulo mwezi wa Julai. Majani makavu yanawaka kwa nguvu, na hewa juu yake ni ya moto kupita kiasi. Lakini moto wa majani hupita upesi, dakika chache tu mahali pamoja, na udongo haupitishi joto kwa urahisi. Ukichimba kwa kina cha vidole vichache utakuta udongo haukupata joto la kudhuru. Okidi iko huko chini, imelala, haina jani wala ua la kuunguzwa. Wahenga walisema moto huzaa majivu, wakiwa na maana ya mzazi mkali aliyezaa mtoto dhaifu. Nyikani majivu hayo si ya kudharauliwa, kwa maana yanarudisha ardhini madini yaliyokuwa yamefungwa katika majani makavu. Tena nyasi ndefu zilizokuwa zikitia kivuli zimeondoka. Mvua ikija, chipukizi la okidi hukuta mwanga wa kutosha, na ziko aina ambazo huchanua vizuri zaidi baada ya moto kuliko kabla yake.

Lakini moto ule ule ukiwashwa mwezi wa Novemba, habari ni nyingine. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha kidogo, na kiazi kimetumia akiba yake kusukuma chipukizi juu. Kisha siku kadhaa za jua zinafuata, nyasi za mwaka jana zinakauka tena, mtu anatia kiberiti. Chipukizi linaungua. Kiazi cha zamani hakina tena cha kutoa, na kiazi kipya bado hakijajazwa. Moto mwingine mbaya ni ule wa mapema mno, matunda yakiwa hayajapasuka na kumwaga mbegu, na majani yakiwa bado yanajaza kiazi cha mwakani. Twaona basi kwamba mmea ule ule na moto ule ule hupatana mwezi mmoja na kugombana mwezi mwingine.

Swali la pili ni mara ngapi. Miche michanga ina viazi vidogo vilivyo karibu na uso wa ardhi, na moto wa kila mwaka hauipi nafasi ya kushuka chini na kupata nguvu. Wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hata ua nao hupoteza maficho yao. Na mahali penye mteremko udongo mtupu huchukuliwa na mvua kubwa, jambo ambalo sisi watu wa nchi ya vilima elfu hatuhitaji kufundishwa. Kwa upande mwingine, nyika isiyoungua kabisa wala kuliwa hujisonga yenyewe. Majani makavu hulundikana juu ya mengine, kivuli huzidi, vichaka huingia, na okidi ipendayo jua hutoweka bila mtu kuigusa.

Swali la tatu ni kiasi gani. Moto unaochoma uwanda mzima siku moja hauachi kimbilio. Moto unaochoma vipande vipande, hapa mwaka huu na pale mwaka ujao, huacha ndege, wadudu na mbegu upande wa pili, navyo hurudi.

Habari za wakati wa moto zimejaribiwa kwa subira nyingi. Huko Ndola, katika nchi ya Zambia, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kugawanya pori katika viwanja. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema katika kiangazi, vingine vilichomwa mwishoni mwake, na vingine vilikingwa na moto kabisa. Baada ya miaka mingi tofauti ilionekana hata kwa mtoto. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu kabisa, miti karibu yote ilikwisha yakabaki majani. Palipochomwa mapema miti ilisalimika. Palipokingwa pakawa pori zito. Udongo ulikuwa mmoja na mvua ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni tarehe ya kiberiti.

Sasa tumgeukie ng'ombe. Yeye hana meno ya mbele katika taya la juu, bali huzungusha ulimi kwenye majani na kuyavuta. Kwa hiyo huacha kisiki cha majani kilicho kirefu kidogo. Kondoo humshinda kwa kung'ata chini kabisa, karibu na udongo. Ng'ombe wachache wakipita katika nyika ndefu huipunguza, wakafungua njia ya mwanga, nayo okidi fupi hufaidika. Hata ng'ombe akila shina lenye ua, mmea haufi. Umepoteza mbegu za mwaka huo tu, na kiazi bado kiko.

Taabu huanza wakati ng'ombe ni wengi, na hasa mvua inaponyesha. Majani ya okidi yakiliwa mapema, hakuna cha kujaza ghala ya mwakani, na kiazi kipya huwa kidogo kuliko cha zamani. Mwaka wa pili kiazi hicho kidogo hutoa jani dogo, nalo likiliwa, cha tatu huwa kidogo zaidi. Mwishowe mmea huacha kutoa ua, kisha huacha kuchipua. Yaani malisho mazito hayaiui okidi kwa siku moja. Huiua kwa njaa. Tena kwato nyingi katika udongo uliolowa huukandamiza hata maji na hewa visipite. Kwa hiyo kanuni ya ng'ombe inafanana na ya moto. Wakija wachache wakati kiazi kimekwisha kulala, hawadhuru sana. Wakija wengi wakati majani yanafanya kazi, wanadhuru.

Na nisisahau kusema kwamba lipo jambo lililo baya kuliko moto na ng'ombe pamoja, nalo ni kulima. Nyika iliyoungua huota tena mvua ikija, na nyika iliyoliwa mno yaweza kupumzishwa. Lakini nyika ya kale ikipinduliwa na plau, viazi vyake vimekatwa na kuvu yake imevurugwa, na hata ikiachwa baadaye haitarudi kuwa kama ilivyokuwa katika maisha ya mtu mmoja.

Yafaa sasa tuviunganishe viwili hivi, moto na malisho, kwa maana havifanyi kazi mbalimbali. Moto ni mlaji kama ng'ombe, ila hachagui. Wote wawili wanakula chakula kimoja, na alichokula mmoja mwingine hakipati. Mfano mkubwa uko Serengeti. Ugonjwa wa sotoka ulifika Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa robo milioni tu. Majani yaliyobaki bila kuliwa yalikauka, na moto uliyateketeza katika eneo kubwa kila mwaka. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka katika nyumbu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Walikula majani, moto ukakosa chakula, na miti michanga iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka ikapata kukua. Hivyo sindano ya ng'ombe ilizima moto na kuotesha miti. Nani angelidhani?

Nasi Rwanda je? Tunayo nyika yetu ya Akagera, iliyofanywa hifadhi mwaka 1934. Humo na katika malisho ya mashariki huota unyasi mwekundu ambao wataalamu huuita Themeda triandra, unaopendwa sana na ng'ombe. Macho yake ya kuchipua yako chini, karibu na udongo, ndiyo maana haufi kwa moto wala kwa kuliwa kwa kiasi. Mbegu yake ina mkia uliopindika, ambao hujisokota hewa ikibadilika kuwa mbichi au kavu, ukaizungusha mbegu mpaka ijichimbie ardhini. Unyasi huu ukiachwa miaka mingi bila kuchomwa wala kuliwa, majani yake makavu huufunika na kuusonga. Ukiliwa bila kupumzika, nao huondoka, zikaingia nyasi zisizo na faida, na vichaka.

Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wengi walirudi nchini na ng'ombe wao, bila mahali pa kukaa. Mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili watu wapate ardhi. Halikuwa jambo la kuchezea, kwa maana mtu asiye na makao hawezi kungojeshwa kwa ajili ya majani. Mwaka 2013 uzio ulikamilika kati ya hifadhi na malisho, simba wakarudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Uzio umepunguza ugomvi kati ya wanyama na wafugaji. Lakini kanuni niliyoieleza haizuiwi na waya. Upande wowote wa uzio, majani yakiwazidi walaji, moto unawangoja. Walaji wakiyazidi majani, vichaka vinawangoja.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu yeyote achukue kiberiti. Sheria zetu zinakataza watu kuchoma nyika ovyo, na ni haki, kwa maana mashamba na nyumba ziko karibu, na moto ukikushinda hauombi radhi. Uchomaji wa kutunza nyika ni kazi ya wataalamu, wenye watu wa kutosha, njia za kuzuia moto, na siku isiyo na upepo. Lakini liko jaribio ambalo mwanafunzi aweza kulifanya bila moto. Chagueni mahali pa majani katika kiwanja cha shule, mpime vipande vitatu vya mita moja kwa moja, mvitie vigingi. Cha kwanza kikateni kwa mundu kila juma. Cha pili kikateni mara moja tu, kiangazi kinapokaribia kwisha. Cha tatu msikiguse. Kila mwezi hesabuni aina za mimea iliyomo, mwandike katika daftari. Muhula mmoja hautoshi. Waachieni daftari wale watakaowafuata. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na ushahidi wa kuzima ubishi wa mabwenini.

Na ninyi mliotutangulia shuleni, ambao wengine ni madaktari wa mifugo, wengine wana malisho yao, na wengine hukaa katika mabaraza yanayogawa ardhi, nawaomba jambo moja. Mtakapoletewa shauri la nyika, msiulize tu kama moto ulipita au kama ng'ombe waliingia. Ulizeni ulikuwa mwezi gani, ni mara ya ngapi katika miaka mitano, na ni kipande gani kilichoachwa kipumzike. Mkulima wa ghala mbili hapungukiwi kwa sababu ya kula. Hupungukiwi siku anapoifungua ile ya mbegu. Okidi ya Kitulo iko vivyo hivyo, na malisho ya mashariki yetu pia.